Mzee Majuto: Sauti ya Tanga iliyodumu miaka 60, na somo la mkataba alilotuachia

Kuna waigizaji mpaka uwaone ndiyo uwajue. Mzee Majuto ungemjua hata ukiwa jikoni unaosha vyombo, TV inaongea yenyewe sebuleni. Ile sauti ya mzee anayelalamika, inapanda, inakatika, halafu inarudi na jibu ambalo hukulitegemea. Unacheka kabla hujafika kuona anafanya nini.

Jina lake halisi ni Amri Athumani. Wengine walimwita King Majuto. Alizaliwa Tanga Agosti 1, 1948, akafariki dunia Agosti 8, 2018, siku ya Nane Nane, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 70.

Katikati hapo alipita karibu kila njia ambayo Mtanzania amewahi kuitumia kupata kicheko: jukwaa, kanda ya kaseti, mkanda wa video, DVD, televisheni, tangazo la redio na mwisho simu ya mkononi. Teknolojia ikibadilika, yeye yupo.

Lakini mwisho wa maisha yake uliacha swali ambalo wasanii wengi bado wanajiuliza. Sauti na sura yako zikiuza bidhaa kwa miaka, hela ya nani? Tuanze mwanzo.

Alianza lini?

Majuto alisoma Shule ya Msingi Msambweni, Tanga. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1958, akiwa na miaka tisa tu. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Televisheni haikuwepo. Redio yenyewe haikuwa kitu cha kila nyumba.

Kwa hiyo shule yake ya uigizaji ilikuwa jukwaa, na jukwaa halina huruma. Hakuna kurudia tukio, hakuna mhariri wa kukata ulipokosea. Watu wakinyamaza, umenyamaziwa. Wakicheka, unajifunza papo hapo wamecheka kwa neno gani, ulisimama wapi kabla ya kulitamka, na ukilirudia watacheka tena au watachoka.

Vichekesho vya jukwaani wakati ule vilikuwa sehemu ya burudani ndefu. Usiku mmoja unaweza kukuta ngoma, sarakasi, muziki, halafu igizo fupi la kuchekesha. Waigizaji wengi hawakuwa na maandishi mkononi. Mnakubaliana kisa (baba mbahili, mke mjanja, mgeni asiyeondoka), kisha kila mtu anajaza maneno yake. Ndiyo maana wachekeshaji wa kizazi hicho walikuwa wepesi wa mdomo kuliko wengi waliokuja baadaye.

Kwa nini Tanga?

Tanga ina msemo wake maarufu: waja leo, waondoka leo. Watu wa huko wanautania utani mwingi, lakini ndani yake kuna ukweli wa mji wa bandari na reli, mji uliopokea watu kutoka kila upande wakati wa mashamba ya mkonge. Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wasegeju, na vibarua waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Wote wakakutana kwenye Kiswahili.

Mji huo uliwapa Waswahili Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui. Ukawapa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi. Ukawapa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoibadilisha taarab, pamoja na sauti ya Bi Shakila. Miaka ya 2000 ukaleta Wagosi wa Kaya kwenye Bongo Fleva.

Majuto anaingia kwenye orodha hiyo kwa mlango wa kicheko. Silaha yake ilikuwa lafudhi. Kiswahili chake kilikuwa cha mwambao, kile cha barazani, chenye mafumbo, vijembe na heshima iliyochanganyika na kejeli. Mzee wa Tanga anaweza kukutukana vizuri sana na wewe ukaitikia "marahaba".

Hakuwahi kuisafisha lafudhi hiyo ili aonekane wa mjini. Hata alipokuwa staa wa nchi nzima, kazi zikiwa Dar es Salaam, makazi yake yalibaki Tanga, eneo la Donge.

Kanda: kuchekesha bila kuonekana

Hapa ndipo kuna sehemu ya kazi yake ambayo vijana wengi hawaijui. Majuto anatajwa kuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza wa Kiswahili kurekodi vichekesho kwenye kanda na kuviuza.

Fikiria kazi hiyo. Kwenye kaseti hakuna uso wa kukunja, hakuna suruali iliyopandishwa mpaka kifuani, hakuna kuanguka kwenye kiti. Kuna sauti tu. Msikilizaji yuko kwenye gereji, saluni au ndani ya basi la kwenda Muheza, na inabidi amwone huyo mzee kichwani mwake.

Ili hilo liwezekane, mwigizaji wa sauti anahitaji vitu vitatu.

Kwanza, kila mhusika awe na sauti yake. Baba asisikike kama jirani, jirani asisikike kama polisi. Msikilizaji asipojua nani anaongea, kichekesho kimekufa.

Pili, pumzi. Sauti inaonyesha mwili. Mtu aliyekimbia anaongea tofauti na mtu aliyekaa, na mwenye njaa anaongea tofauti na aliyeshiba.

Tatu, kunyamaza kwa wakati. Kwenye kaseti ukimya wa sekunde mbili ni mrefu sana. Ukiuweka mahali pake, msikilizaji anamalizia mwenyewe na kucheka.

Njia hiyo ilikuwa imeshasafishwa na redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, Pwagu na Pwaguzi walikuwa wanaifanya nchi nzima ikae karibu na redio. Kaseti ilileta jipya moja kubwa: hungoji ratiba ya mtangazaji. Unanunua kichekesho, unakirudia unavyotaka, unamwazima jirani.

Na hapo ndipo tatizo la kwanza lilipozaliwa. Jirani akiazima, anadurufu. Mwenye duka akinunua kanda moja, anatengeneza nyingine hamsini. Sauti ya msanii inafika mpaka mpakani, lakini malipo yake yaliishia siku aliyotoka studio.

Kutoka kusikika hadi kuonekana

Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio na televisheni binafsi. Mwaka 1994 zikaanza Radio One na ITV. Kwa Tanzania Bara, ambako televisheni ilichelewa sana ukilinganisha na Zanzibar iliyokuwa nayo tangu miaka ya 1970, hiyo ilikuwa dunia mpya. Waigizaji wa jukwaani ghafla wakawa na sura.

Miaka ya 2000 ikaja na Bongo Movie. Kamera zikapungua bei, filamu zikapigwa kwa siku chache, zikauzwa kwa VHS, baadaye VCD na DVD. Majuto, akiwa tayari na zaidi ya miaka 50, akaingia humo kama kijana. Filamu zikafuatana kwa kasi ambayo hata mashabiki walishindwa kuzihesabu.

Wengi wanamkumbuka kama mzee mkorofi, mbahili, mpenda vya bure, baba anayetaka mambo ya vijana. Lakini ukimwangalia vizuri utaona alikuwa na zaidi ya hapo. Kwenye Nakwenda kwa Mwanangu, alikocheza na Jacob Stephen "JB", ukoo na undugu ndivyo vinavyobeba kisa, na kicheko kinatoka kwenye kitu ambacho kila familia inakijua: mzazi wa kijijini na mtoto aliyefanikiwa mjini.

Huo ndio ulikuwa ufundi wake. Alimcheza mzee wa Kiswahili ambaye dunia inamkimbia, na yeye anakataa kukimbizwa. Watu walicheka kwa sababu mzee huyo yuko kwenye kila ukoo.

Majuto na Sharo: vizazi viwili vya Tanga

Kama kuna mwenzake aliyeonyesha hilo wazi, ni Sharo Milionea, jina halisi Hussein Ramadhani Mkieti, naye mtoto wa mkoa wa Tanga, upande wa Muheza.

Sharo alikuwa kijana wa kisharobaro: nguo za kubana, mwendo wa madaha, sauti laini ya kujisikia. Majuto alikuwa mzee wa kanzu na bakora. Ukiwaweka pamoja, huhitaji hata kisa. Mmoja anaongea kwa kuvuta, mwingine anamkata kwa ukali. Kicheko kilikuwa kwenye kugongana kwa sauti mbili.

Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 26, 2012, huko Muheza, akiwa anaelekea nyumbani. Ulikuwa mwaka mgumu kwa filamu za Tanzania, kwa sababu Steven Kanumba naye alikuwa amefariki Aprili 7 mwaka huohuo. Mzee akabaki, kijana akatangulia.

Matangazo: sekunde 30 zenye hela

Redio na TV zilipoongezeka, makampuni yakahitaji sauti za kuaminika. Sauti ya Majuto ilikuwa dhahabu. Anafahamika Bara na Visiwani, mjini na kijijini, kwa mtoto na bibi. Tangazo likianza, huhitaji kutambulisha mhusika. Sauti yenyewe ni utambulisho.

Watu wengi wanadhani kazi ya tangazo ni ndogo kwa kuwa ni fupi. Kiukweli ni kinyume. Sekunde 30 zinatosha maneno kama 70 hivi ya Kiswahili. Ndani yake uweke mhusika, mgogoro, kichekesho, jina la bidhaa na namba ya kupiga. Mwigizaji anaweza kurudia sentensi moja mara ishirini, kila mara kwa mkazo tofauti, mpaka mteja aseme hapo hapo.

Kisha tangazo linarushwa asubuhi, mchana, jioni, mwezi huu, mwezi ujao. Msanii alifanya kazi siku moja. Sauti yake inafanya kazi kila siku.

Ndiyo maana kwenye kazi za sauti swali kubwa huwa ni kazi hiyo itatumika kwa muda gani, wapi, na nani atalipwa ikiendelea. Kulipwa shilingi ngapi kwa siku ya kurekodi ni mwanzo tu.

Ugonjwa, na swali likalipuka

Mwaka 2018 Majuto aliugua kwa muda mrefu. Alilazwa, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi nyumbani, kisha hali ikabadilika tena. Jioni ya Agosti 8 alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwili uliagwa Karimjee, kisha akapelekwa kwao Tanga kuzikwa.

Wakati anaumwa, mjadala uliwaka mitaani na mitandaoni. Watu walikuwa wanamwona kwenye filamu na kumsikia kwenye matangazo, halafu wanasikia habari za michango ya matibabu. Hesabu hazikuwa zinakutana.

Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Mzee Majuto. Neno "mkataba" likawa habari kubwa kwenye kurasa za burudani, zilizozoea habari za nani katoka na nani.

Wahenga walishasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Jina la mzee lilikuwa limebeba onyo muda wote.

Kwa nini msanii anaishia kulipwa mara moja?

Sababu ya kwanza ni mfumo wa soko. Kwenye enzi ya DVD, mtayarishaji aliipeleka filamu kwa msambazaji, mara nyingi Kariakoo, akaiuza jumla. Mwigizaji alikuwa ameshalipwa hela ya kazi, basi. Filamu ikiuza nakala elfu moja au laki moja, kwake ni sawa.

Sababu ya pili ni uharamia. Kuanzia 2013 Serikali iliweka stika za TRA kwenye CD na DVD ili kutofautisha nakala halali na za wizi. Ilisaidia kiasi, lakini muda si mrefu watu wakahamia kwenye flash, kisha YouTube. Stika haibandikwi kwenye WhatsApp.

Sababu ya tatu ni kuaminiana. "Wewe ni mzee wetu, tutaelewana." Kwa watu wa pwani, kumwambia mtu "tuandikiane" kunaweza kuonekana kama unamtilia shaka. Kazi nyingi zikafanyika kwa mdomo, au kwa karatasi ya ukurasa mmoja, pengine ya Kiingereza, iliyosainiwa huku gari linasubiri.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, iliyoianzisha COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Hakimiliki inamlinda aliyetunga: mwandishi, mtunzi, mtengenezaji wa kazi. Hakishiriki inamgusa anayeifanya kazi hiyo isikike na kuonekana, akiwamo mwigizaji. Kwa lugha rahisi, mtu hapaswi kurekodi au kurusha onesho lako bila ruhusa yako.

Lakini zingatia neno ruhusa. Ukishairuhusu sauti yako iingie kwenye filamu au tangazo, nguvu yako kubwa inabaki kwenye kile ulichosaini. Sheria haiwezi kukuongezea malipo ya marudio ambayo mkataba wako haukuyataja.

Duniani tatizo hili ni la zamani. Wanamuziki walipata ulinzi wa kimataifa mapema kuliko waigizaji wa filamu. Mkataba wa Beijing unaohusu waigizaji kwenye kazi za picha na sauti ulipitishwa Juni 2012, ukaanza kutumika Aprili 2020. Majuto alikuwa ameshazikwa.

Mbona hili linawahusu vijana wa sasa?

Kwa sababu kazi ya sauti imekua kuliko wakati wowote.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Watazamaji wakaipenda. Baada ya hapo tamthilia za nje zenye sauti za Kiswahili zikawa jambo la kawaida kwenye ving'amuzi, na mwaka 2016 StarTimes ilifanya shindano Dar es Salaam la kusaka vipaji vya kuingiza sauti, washindi wakaenda kufanya kazi Beijing.

Leo kijana wa Chumbageni au Pangani mwenye sauti nzuri na simu ya kurekodia anaweza kupata kazi ya tangazo, katuni, kitabu cha kusikiliza au tamthilia bila kuhama mji. Lafudhi ya mwambao, ile ya Majuto, ina soko.

Hatari nayo imekua. Programu za akili mnemba zinaweza kujifunza sauti yako kwa rekodi fupi tu, kisha zikasema maneno ambayo hujawahi kuyasema. Waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118 mwaka 2023, na suala hilo lilikuwa moja ya madai yao makubwa. Wenye chama kikubwa na mawakili waligoma. Wewe mwenye shilingi elfu hamsini ya nauli, ulinzi wako ni karatasi.

Kabla hujasaini, soma haya

Muda. Tangazo litatumika miezi mitatu, mwaka au milele? Kama hakuna tarehe ya mwisho, ujue umetoa milele.

Mahali. Redio peke yake, au na TV, mabango na mitandao? Tanzania tu, au Afrika Mashariki nzima? Kila kinachoongezeka kina bei yake.

Kufungwa. Je, unazuiwa kufanya kazi na kampuni shindani? Kama ndiyo, kwa muda gani, na unalipwa nini kwa kukaa bila kazi hiyo?

Marudio. Wakitaka kuendelea baada ya muda kuisha, watakulipa kiasi gani? Kiandikwe mapema, wakati bado wanakuhitaji.

Sauti bandia. Andika wazi kwamba hawaruhusiwi kuitumia rekodi yako kufundishia programu au kutengeneza sauti inayofanana na yako bila makubaliano mapya.

Lugha na nakala. Kama mkataba ni wa Kiingereza na hukielewi vizuri, omba siku mbili umtafute wa kukusomea. Na usitoke bila nakala yako. Mkataba ulio kwenye droo ya mwenzako si mkataba wako.

Ukiugua au ukifa. Nani atapokea malipo yako? Andika jina. Ni jambo linaloudhi kulizungumza, lakini familia nyingi za wasanii zimebaki na picha ukutani tu.

Kilichobaki

Majuto alianza akiwa mtoto wa miaka tisa kwenye jukwaa la Tanga, akaishia kuwa mzee ambaye sauti yake inajulikana na watoto waliozaliwa baada ya kaseti kufa. Miaka 60 ya kuchekesha watu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao.

Fungua YouTube leo, andika jina lake. Filamu zake zipo, nyingi zimepandishwa vipandevipande, zinatazamwa, na matangazo yanapita katikati yake. Kuna mtu analipwa kwa kila tangazo hilo. Na wewe unayerekodi sauti yako wiki hii, jibu la nani atalipwa kesho liko kwenye karatasi utakayoisaini leo.